Rauta yangu inakataa VPN mpaka ninywe chai kwanza

Boriti · Jumatatu, saa 3:40 usiku

Salaam wakuu. Nina jambo limenitoa jasho wiki ya tatu sasa, na jasho la Mombasa mnalijua. Someni mpaka mwisho kabla hamjanambia "zima uwashe", maana kuzima na kuwasha ndiko kulikonileta hapa.

Mke wangu anafanya hesabu za kampuni moja ya nje akiwa nyumbani. Mfumo wao humkubalia mtu kuingia kutoka anwani moja tu ya IP, ile waliyoiandika kwao. Kampuni ya faiba inayotuhudumia hapa Mji wa Kale hutupa anwani ya kubadilika, tena ya kugawana na mtaa mzima. Basi nikakodi seva ndogo Johannesburg yenye anwani isiyobadilika, nikaweka WireGuard kule (programu ya VPN, yaani handaki la siri la kupitishia data), na upande wa nyumbani nikaiweka kwenye rauta. Msiniulize kwa nini si kwenye kompyuta yake. Kompyuta ni ya kazi, wameifunga, haikubali programu hata ya kikokotoo.

Rauta ni ya mtumba, nilimnunulia jamaa aliyekuwa akihama Tudor, nikaiflashi OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea rauta. Iko nyuma ya kisanduku cha kampuni (192.168.100.1). Mpangilio wenyewe ni mfupi:

Address = 10.7.0.2/24
AllowedIPs = 0.0.0.0/0
PersistentKeepalive = 25
mlango (port) 51820, UDP

Ikikubali, inakubali kwelikweli. Nalipia Mbps 20, kwenye handaki napata 18 au 19. Nyumba nzima inapitia huko, watoto na katuni zao, mama mkwe na mawaidha yake.

Shida ni stima. Stima ikikatika ikarudi, kisanduku kinawaka, rauta inawaka, waifai ipo, intaneti hakuna. Watu wanatoka vyumbani mmoja mmoja kuja kuniangalia. Nikizima na kuwasha rauta, bure. Nikilizima handaki nikaliwasha papo hapo, bure. Lakini nikilizima, nikaenda jikoni nikanywa kikombe cha chai, nikarudi nikaliwasha, linashika mara moja. Nimefanya mara nne. Bila chai halishiki. Mke wangu anasema nimejipatia kisingizio.

Na jingine. Siku moja niliingia kwenye seva ya Johannesburg kwa bando la simu, nikaiwasha upya WireGuard ya kule, na rauta ya nyumbani ikashika saa hiyo hiyo bila ya mimi kuigusa. Sasa ugonjwa uko huku au kule?

Dogo_Bombolulu · saa 3:52 usiku

Weh, hii yote ya nini? VPN za bure ziko kibao. Mimi Novemba 2024 Telegram ilipozimwa wakati wa mtihani wa KCSE niliweka moja kwa simu, dakika mbili nikarudi kwa magrupu. Si umwekee shemeji hiyo?

Bi_Faiba · saa 4:01 usiku

Dogo, soma tena, polepole. Kompyuta haikubali programu. Na kazini kwa shemeji wanataka anwani moja isiyobadilika. Hiyo yako ya bure inakupa anwani moja na watu wengine elfu, kesho inakupa nyingine. Juu ya hayo, mwenye seva ndiye anayeona kila unakokwenda. Ukiona hulipi, jiulize nani analipia umeme wa hiyo seva.

Boriti, handaki likikataa, ingia rautani uandike `wg show`, ulete unachokiona. Nataka hasa mistari miwili: latest handshake (salamu ya mwisho kati ya rauta na seva) na transfer (data iliyopita).

Kahawa_Tungu · saa 4:05 usiku

Mwanangu Boriti, hiyo ni MTU, kipimo cha pakiti kubwa kabisa ya data inayopita. Mimi n'shaumwa na hiyo nyoka zamani, enzi za OpenVPN.

Sikiza. Pakiti ya kawaida ni baiti 1500. WireGuard yataka nafasi yake ya kufungia mzigo, baiti 60 ukienda kwa IPv4, 80 ukienda kwa IPv6. Ndiyo maana wao wenyewe huweka 1420, ili ikae popote. Lakini kampuni yako ikiwa yatumia PPPoE kukuunganisha, hiyo nayo yakula 8, yabaki 1492, na ukienda kwa IPv6 1420 yako inaanza kubanwa mlangoni. Shusha mpaka 1412 uone.

Na kama wakaa nyumba ya Mji wa Kale ya zile kuta za mawe, futi mbili unene, basi nusu ya matatizo yako ni waifai kutopita chumba cha pili. Hilo halina dawa ila kuvuta waya.

Boriti · saa 4:31 usiku

Kahawa Tungu, ahsante mzee wangu. Nimebadilisha MTU kuwa 1412 na kuhifadhi sasa hivi, saa 4:26. Handaki liko hai kwa sasa (nilikunywa chai magharibi). Nangoja stima ikatike. Sitangoja sana.

Mtanga · saa 4:48 usiku

Habari za huko majirani. Mimi niko Tanga, nasoma tu, ila niseme neno kwa wenzangu wa upande huu watakaopita hapa wakaiga: kwetu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitoa tangazo, anayetumia VPN ajisajili na kutaja anwani ya IP, mwisho ilikuwa tarehe 30 mwezi ule. Faini iliyotajwa ni kuanzia shilingi milioni 5, au kifungo. Kwa hiyo ukiiweka kwenye rauta nyumba nzima ikapita humo, ujue unafanya nini. Wakenya endeleeni.

Ninyi "stima", sisi "umeme", ila kukatika kunafanana.

Boriti · Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Imekatika alfajiri, imerudi saa 12 na robo. MTU 1412, bure. Kahawa Tungu, nyoka si huyu.

Bi Faiba, hii hapa. Nimeandika amri ile ile mara tatu, nikingoja kidogo katikati:

transfer: 0 B received, 148 B sent
transfer: 0 B received, 296 B sent
transfer: 0 B received, 444 B sent

Ule mstari wa latest handshake haupo kabisa. Nimeikaribia rauta mpaka nasikia inavyopumua.

Kahawa_Tungu · saa 1:10 asubuhi

Hendisheki imekataa. Ile ya 2018 ya Uhuru na Raila ilichukua picha moja tu ngazini pale Harambee House, hii ya rauta yashinda.

Bi_Faiba · saa 1:34 asubuhi

Sawa, sasa tunaanza kuona.

Hizo 148 si namba ya bahati. Pakiti ya kwanza ya salamu ya WireGuard ni baiti 148 kamili. Rauta yako inabisha hodi kila baada ya sekunde 5 hivi, 148, tena 148, tena 148. Kule wakikubali wangerudisha jibu la baiti 92. Wewe umepokea sifuri. Kwa hiyo MTU tuiweke kando: MTU mbaya huonekana baada ya salamu, kurasa ndogo zinafunguka na kubwa zinaning'inia. Pakiti ya baiti 148 haibanwi na mlango wowote.

Sasa ama hodi haifiki, ama inafika na mwenye nyumba ananyamaza. Nalipenda la pili, kwa sababu ulisema ukiiwasha upya WireGuard ya Johannesburg, rauta inaingia bila kuguswa. Njia ni ile ile, milango ni ile ile. Kilichobadilika ni kumbukumbu ya kule.

WireGuard ina tabia hii: asiyemjua au asiyemwamini hamjibu kabisa. Hata "hapana" hasemi. Ndiyo maana huoni kosa lolote upande wako.

Swali langu moja. Stima ikikatika tena, au uikate mwenyewe ukiwa na ujasiri, kabla hujagusa chochote ingia rautani uandike `date`. Rauta yako inasema ni saa ngapi?

Boriti · saa 1:41 asubuhi

Saa ngapi? Saa hii ni saa moja na dakika arubaini na moja, Jumanne, nimechelewa kazini.

Bi_Faiba · saa 1:43 asubuhi

Si ya ukutani, kaka. Ya rauta.

Dogo_Bombolulu · saa 1:59 asubuhi

Rauta kwani inavaa saa 😂

Duka_Kongowea · saa 7:15 mchana

Nadandia uzi, mnisamehe. Mimi nataka kitu rahisi zaidi. Nina kamera nne dukani Kongowea, nataka kuziona nikiwa nyumbani Mtopanga, bila kupitia programu ya waliotengeneza kamera. Nimefungua milango kwenye kisanduku mpaka kimebaki hakina ukuta, lakini kutoka nje hakuna kinachoingia. Naweza kuiweka VPN kwenye rauta ya duka nikaingilia huko?

Bi_Faiba · saa 8:20 mchana

Duka, kwanza funga hiyo milango uliyofungua.

Kisha ingia kwenye kisanduku, tazama anwani yake ya upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, basi hiyo si yako. Ni fungu lililotengwa tangu 2012 kwa kampuni za intaneti kugawia wateja wengi anwani moja ya nje, kwa sababu za IPv4 zimekwisha. Ufungue milango usiku kucha, mlango wa mtaa ameushika mwingine. Ulinganishe pia na anwani unayoonyeshwa ukiuliza Google "my IP". Zikitofautiana, jibu ndilo hilo.

Kwa hali hiyo duka haliwezi kuwa seva, lakini linaweza kuwa mpiga simu. Fanya kama Boriti: seva ndogo nje, rauta ya duka inaipigia, simu yako inaipigia, mnakutana pale. Ile PersistentKeepalive = 25 ndiyo inayoshika laini, kila sekunde 25 rauta inatuma kitu kidogo ili kampuni isilifute tundu ulilopitia. Ila wewe usiweke 0.0.0.0/0. Weka mtandao wa ndani wa handaki tu, na ule wa duka. Na mtandao wa duka usifanane na wa nyumbani, kote kukiwa 192.168.1 simu haitajua kamera ni ya upande gani. Badilisha wa duka uwe 192.168.77 au unavyopenda.

Duka_Kongowea · saa 8:26 mchana

100.72. Miezi mitano nalaumu kamera. Ahsante dada, milango nafunga sasa hivi.

Boriti · Jumatano, saa 2:35 usiku

Nimeamua kuikata mwenyewe. Nimengoja taarifa ya habari iishe ili mama mkwe asinitie laana, nikashusha swichi kubwa, nikahesabu mpaka thelathini, nikapandisha. Kisha nikaingia rautani kwa waya, sikugusa kitu, nikaandika date:

Mon May 12 22:27:09 EAT 2025

Leo ni Jumatano tarehe 14, saa mbili unusu. Rauta inadhani ni Jumatatu usiku! Na hebu angalieni vizuri. Saa 4:26 usiku wa Jumatatu ndiyo dakika niliyohifadhi ile MTU ya Kahawa Tungu. Nimeandika humu humu juu. Nimeshikwa na baridi na joto hili.

Kahawa_Tungu · saa 2:41 usiku

Wallahi.

Bi_Faiba · saa 3:20 usiku

Hapo hapo. Sasa niandike kwa kituo, maana hili linawapata wengi nao hutupa rauta nzima.

Kompyuta ina kibetri cha duara ubaoni, CR2032, kinachotunza saa hata ukichomoa waya. Rauta nyingi za nyumbani hazina. Stima ikikatika, saa inakufa. OpenWrt ikiwaka haina pa kuulizia, basi inatafuta faili iliyoguswa mwisho ndani ya /etc na kuanzia saa ya faili hiyo. Ni ubunifu mzuri, afadhali ya kuanzia 1970. Faili yako ya mwisho ni ile uliyoihifadhi Jumatatu saa 4:26. Kisha inatakiwa iulize saa sahihi mtandaoni kwa NTP, ijirekebishe.

Upande wa pili, WireGuard. Ndani ya ile salamu ya baiti 148 kuna wakati ilipoandikwa. Seva ya Johannesburg inakumbuka, kwa kila ufunguo, wakati mkubwa kabisa iliowahi kuuona. Salamu ikija na wakati ulio nyuma ya huo, inatupwa kimya kimya. Wamefanya hivyo ili mtu aliyenasa salamu yako ya jana asiweze kuja kuirudia leo ajifanye wewe. Sasa handaki likiwa hai husalimiana upya kila dakika mbili hivi, kwa hiyo Johannesburg ilikuona mara ya mwisho Jumatano saa mbili na dakika kadhaa. Halafu rauta inaamka inasema "mimi Boriti, leo Jumatatu". Kule wanasema huyu ni mwizi.

Na kwa nini NTP haiirekebishi? Kwa sababu ya 0.0.0.0/0. Umeiambia rauta kila kitu kipite handakini, na rauta ni mtiifu, hata swali lake mwenyewe la "saa ngapi" inalitupa handakini. Handaki halijafunguka. Halifunguki mpaka saa iwe sahihi. Saa haiwi sahihi mpaka handaki lifunguke.

Chai yako sasa. Ukilizima handaki, njia kuu inarudi kwenye kisanduku, NTP inapita, na wewe ukiwa jikoni saa inajirekebisha. Ukirudi ukaliwasha, linashika. Ulipolizima na kuliwasha papo hapo NTP haikupata nafasi. Na ulipoiwasha upya WireGuard ya kule, kumbukumbu yake ilifutika, ikakubali salamu yoyote ya kwanza, hata ya Jumatatu.

Ukitaka kuhakikisha kwa macho, kwenye seva andika:

echo module wireguard +p > /sys/kernel/debug/dynamic_debug/control

kisha utazame dmesg, daftari la ujumbe wa seva.

Dogo_Bombolulu · saa 3:24 usiku

Manze. Kumbe rauta inavaa saa.

Kahawa_Tungu · saa 3:33 usiku

Bi Faiba, umenikumbusha. Ile OpenVPN yangu ya zamani ilikuwa ikinambia cheti "not yet valid" kila baada ya stima, nami nikitengeneza vyeti upya, usiku mzima, kama mtu wa pasipoti. Rauta ilikuwa nyuma, yaona cheti cha miaka ijayo. Miaka hiyo yote nalaumu vyeti. Na huyu Boriti kaponea kwa chai.

Hii yako ni kama mtu aliye huku Likoni hana nauli, na mfuko wa nauli kauacha kwa shangaziye Mwembe Tayari.

Mtanga · saa 3:40 usiku

Kwani feri yenu si bure kwa waendao kwa miguu?

Kahawa_Tungu · saa 3:41 usiku

Ana pikipiki. Usinivunjie mfano.

Boriti · saa 4:02 usiku

Nimetazama dmesg ya kule. Imejaa mstari mmoja tu:

wireguard: wg0: Invalid handshake initiation from …

Kila sekunde tano. Maskini rauta yangu ilikuwa ikibisha na kufukuzwa.

Dada, dawa sasa. Nisinunue UPS?

Bi_Faiba · saa 4:25 usiku

UPS ndogo ya volti 12 ni nzuri, nunua ukipenda, itakuvusha kukatika kwa saa mbili tatu. Lakini siku betri ikiisha utarudi hapa. Tutengeneze chenyewe.

Unataka swali la saa lipite nje ya handaki. Usitumie yale majina ya NTP yaliyokuja na OpenWrt, kwa sababu kila ukiuliza yanakupa anwani nyingine, na hata kulitafsiri jina kunahitaji DNS, ambayo kwako nayo imo handakini. Tumia anwani iliyosimama. Cloudflare wana 162.159.200.1 na 162.159.200.123. Nenda System, kwenye sehemu ya NTP, futa yaliyopo uandike hizo mbili kwa namba. Kisha Network, Routing, ongeza njia mbili: kila moja ya anwani hizo na /32 mbele yake, kupitia wan (upande wa nje), geti 192.168.100.1. Njia ya /32 inaishinda 0.0.0.0/0 siku zote, iliyo finyu ndiyo inayofuatwa. Hifadhi.

Na uangalie Endpoint, ile anwani ya seva kwenye mpangilio wako. Ukiwa umeandika jina la seva badala ya namba, lile jina nalo linahitaji DNS kabla ya handaki. Weka namba.

La pili, hukuuliza lakini nitakwambia. Ulipokuwa ukinywa chai, nyumba nzima ilikuwa ikitoka kwa anwani ya kampuni ya faiba, pamoja na kompyuta ya shemeji. Kazini kwao waliona nini? Kwenye ukuta wa moto wa rauta, ondoa ruhusa ya lan (upande wa ndani) kwenda wan, ubakishe lan kwenda kwenye zoni ya handaki peke yake. Handaki likifa, watu wa ndani wanakosa intaneti badala ya kuvuja. Rauta yenyewe haizuiwi na hiyo, swali lake la saa litapita tu.

Kama kisanduku kinakupa IPv6, izime upande wa lan au uipitishe nayo handakini. 0.0.0.0/0 ni ya IPv4 pekee, IPv6 inapita pembeni inakupungia mkono.

Boriti · saa 5:10 usiku

Nimefanya yote. IPv6 kweli ilikuwa inapita pembeni, sikuwa na habari.

Nimeshusha swichi kubwa mara tatu. Mara ya kwanza, kutoka kupandisha swichi mpaka handaki kushika: dakika 1 na sekunde 50, nyingi zikiwa za kisanduku kuamka. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu mama mkwe katoka na tochi akauliza kama nimegombana na stima, nikaacha.

Chai nimekunywa kwa hiari yangu.

Duka_Kongowea · Alhamisi, saa 3:05 asubuhi

Swali la mwisho kwa Boriti. Simu za nyumbani nazo zinapita Johannesburg? Programu ya benki yangu ikiona niko nje ya nchi inanifungia nje.

Boriti · saa 3:30 asubuhi

Hilo nalo ninalo, nilikuwa nimelizoea tu. Mama mkwe anaonyeshwa matangazo ya nyumba za Sandton. Benki moja inataka kila siku nithibitishe mimi ni mimi.

Bi_Faiba · saa 6:40 mchana

Kwa kweli Boriti hukuhitaji kupeleka nyumba nzima Afrika Kusini kwa ajili ya kompyuta moja. Ipo pakiti ya OpenWrt inaitwa pbr. Unaiambia: kifaa hiki, chenye anwani hii ya ndani, kipite handakini, wengine wote wapite wan. Mpe shemeji anwani isiyobadilika humo ndani, mathalani 192.168.1.50, na sheria moja tu. Kwenye wg0, yaani handaki lenyewe, uondoe alama ya route allowed IPs, na ile ruhusa ya lan kwenda wan uirudishe, ila uandike katazo juu yake kwa hiyo .50 peke yake. Watoto watapata katuni kutoka karibu, benki itatulia. Na kwa mpango huo rauta yenyewe inatoka wan, kwa hiyo lile tatizo la saa lisingezaliwa kabisa. Lakini ziache zile njia mbili za NTP, hazili kitu.

Kahawa_Tungu · saa 7:02 mchana

Nami naongeza la mahali. Waya za intaneti za chini ya bahari zaibukia hapa kwetu: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata, PEACE juzi juzi. Watu wa Nairobi intaneti yao yapita ufuoni kwetu kwanza, na bado bei yetu moja na yao. Lakini ndiyo hayo. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mwenye seva Johannesburg siku ile alijua. Boriti, kampuni ya mkeo ikikubali anwani mbili, kodi na ya pili Ulaya, iwe ya akiba. Itakuwa nzito kidogo kujibu, njia ni ndefu, lakini hesabu si mchezo wa mpira.

Boriti · saa 7:20 mchana

Wamekubali mbili. Naitafuta Frankfurt au Marseille mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia.

Boriti · Jumapili, saa 4:15 usiku

Kuripoti tu. pbr imewekwa Ijumaa. Mke wangu peke yake yuko Johannesburg, sisi wengine tumerudi Mombasa.

Leo stima imekatika magharibi, ya kweli, mtaa mzima, imerudi saa tatu. Nilikuwa barazani nje na majirani. Nimesubiri kuitwa. Nimesubiri tena. Nikaingia ndani mwenyewe, nikamkuta yuko kwenye mfumo wao anaingiza ankara. Nikaandika `wg show`: latest handshake, 41 seconds ago. Nikaandika `date`. Jumapili.

Akaniuliza kama nataka chai.